Ndani ya kupe wa Meru na Embu

Magonjwa manne ya kupe ndiyo huwahangaisha zaidi wafugaji wa ng'ombe katika kaunti za Meru na Embu: ndigana kali, ndigana baridi, maji moyo na mkojo wa damu. Yote huanza kwa homa, ng'ombe kukataa malisho na maziwa kupungua ghafla, na ndiyo maana katika maboma mengi huitwa kwa jina moja na kutibiwa kwa sindano moja. Vyanzo vyake, hata hivyo, ni tofauti. Ndigana kali huletwa na Theileria parva na mkojo wa damu huletwa na Babesia bigemina. Hawa ni protozoa, vijidudu vya seli moja walio na undugu na kijidudu cha malaria. Ndigana baridi huletwa na Anaplasma marginale na maji moyo huletwa na Ehrlichia ruminantium, na hao wawili ni bakteria.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua dawa. Oksitetrasaiklini hudhibiti bakteria wa ndigana baridi na maji moyo ikitolewa mapema, lakini haiponyi ng'ombe aliyekwisha kuugua ndigana kali. Buparvakwoni huponya ndigana kali, lakini haiwagusi bakteria. Mfugaji akikosea ugonjwa hupoteza kwanza pesa ya dawa, kisha ng'ombe. Kwa sababu hiyo, watafiti wa Kenya wametumia miongo kadhaa kuuliza swali lililo rahisi kutamka na gumu kujibu: ndani ya kupe wa eneo fulani mna nini hasa?

Mteremko mmoja, mifugo ya aina mbili

Meru na Embu zimeegemea mashariki na kusini-mashariki mwa Mlima Kenya. Juu, kwenye ukanda wa chai na kahawa wa Imenti, Manyatta na Runyenjes, mashamba ni madogo na ng'ombe wengi ni wa maziwa, Friesian na Ayrshire pamoja na machotara wao, wanaofugwa zizini na kukatiwa nyasi za nepia. Chini, kuelekea Mbeere na tambarare za Igembe na Tigania, mvua ni haba na joto ni kali. Huko ng'ombe aina ya zebu na mbuzi huchungwa kwenye vichaka na kunyweshwa pamoja mtoni au kwenye bwawa, na siku ya soko hutembezwa mwendo mrefu hadi minada kama ule wa Ishiara.

Kupe nao hugawana mteremko huo. Kupe wa kahawia wa sikio, Rhipicephalus appendiculatus, anayebeba ndigana kali, hupenda mahali penye unyevu wa kutosha, na wakubwa wake hujitokeza kwa wingi mvua zinapoanza. Kupe bluu, Rhipicephalus decoloratus, anayebeba mkojo wa damu na ndigana baridi, hustahimili mazingira mengi zaidi. Kupe wenye mabaka wa jenasi ya Amblyomma, wabebaji wa maji moyo, wamegawanyika wenyewe kwa wenyewe: Amblyomma variegatum hupatikana kwenye mvua nyingi kiasi, Amblyomma gemma kwenye nyika kavu. Zaidi ya hapo kuna wanyamapori. Mbuga ya Taifa ya Meru, iliyoanzishwa mwaka 1966, na Hifadhi ya Mwea iliyo Mbeere zinapakana na malisho ya watu, na nyati wanaweza kubeba Theileria parva bila wao wenyewe kuonyesha ugonjwa.

Jinsi kupe anavyopokea na kupitisha vijidudu

Kupe jike aliyeshiba damu huanguka chini, hutaga mayai kwa maelfu, kisha hufa. Yai huangua lava mwenye miguu sita. Lava akishakula damu hujivua ngozi na kuwa nimfu mwenye miguu minane, na nimfu naye akila hujivua tena na kuwa kupe mzima. Kupe wa kahawia wa sikio hufanya kila hatua kwa mnyama tofauti: hula, huanguka, hujivua majanini, kisha hupanda mnyama mwingine. Kijidudu alichokinyonya akiwa lava hukipitisha akiwa nimfu, na alichokinyonya akiwa nimfu hukipitisha akiwa mzima. Kwa hiyo mnyama mmoja mgonjwa malishoni anaweza kuwaambukiza wengine hata baada ya yeye kuuzwa.

Kupe bluu huishi kwa njia nyingine. Hupanda mnyama akiwa lava na kubaki hapo hadi awe mzima, kwa muda wa takriban wiki tatu. Kwa kuwa hahami, Babesia hupita kwa njia ya mayai: jike huwapitishia watoto wake kijidudu kabla hawajaangua. Anaplasma hutegemea zaidi madume, kwa kuwa dume hali mara moja akatosheka. Huonja hapa, huhama na kuonja pale, hata kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine waliolala karibu zizini.

Muda nao una uzito wake. Theileria parva huhitaji siku kadhaa ndani ya tezi za mate za kupe aliyekwisha kujibandika kabla ya kuwa tayari kumwingia ng'ombe. Kupe akiondolewa mapema, ugonjwa unaweza kukosa njia. Hiyo ndiyo hesabu iliyoko nyuma ya ratiba za kuogesha mara moja au mbili kwa wiki katika maeneo yenye ndigana kali.

Bakteria wa ukingoni mwa seli

Anaplasma marginale alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1910 na Arnold Theiler, daktari wa mifugo mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Afrika Kusini. Katika tone la damu lililopakwa kwenye kioo, likakaushwa na kutiwa rangi ya Giemsa, bakteria huyu huonekana kama nukta ya zambarau iliyokaa ukingoni mwa chembe nyekundu ya damu. Nukta hiyo moja hufunika kundi dogo la bakteria walioongezeka pamoja ndani ya kifuko. Mwili wa ng'ombe unapogundua kwamba chembe zake zimevamiwa, wengu huanza kuziharibu, na hapo upungufu wa damu huanza.

Dalili hufuata njia hiyo. Ufizi na utando wa macho hupauka, kisha hugeuka manjano. Kinyesi hukauka na kuwa kigumu, mnyama hudhoofika, huhema akitembezwa kidogo, na mwenye mimba anaweza kuitupa. Mkojo haugeuki mwekundu, jambo linaloutenga ugonjwa huu na mkojo wa damu. Tezi zilizo chini ya sikio hazivimbi kama zinavyovimba kwenye ndigana kali, wala mnyama hatoi povu puani kwa mapafu kujaa maji.

Tangu kuambukizwa hadi kuugua huweza kupita wiki moja hadi miezi miwili, kwa kawaida karibu wiki nne. Ndama wa chini ya mwaka mmoja huugua kidogo tu au hapati dalili kabisa. Ng'ombe wa miaka miwili na zaidi ndiye huanguka. Aliyepona hubaki na bakteria mwilini kwa miaka mingi, mara nyingi maisha yake yote, akiwa na afya njema na akiendelea kuwa hazina ya maambukizi. Bakteria huyu hudumu hivyo kwa kubadilisha protini za ngozi yake ya nje: kinga ya mwili inapojifunza kuitambua sura moja, kizazi kinachofuata huwa kimevaa nyingine. Ramani kamili ya vinasaba vyake, iliyochapishwa mwaka 2005, ilionyesha kwamba kazi hiyo yote hufanywa na jenomu ndogo yenye herufi za kijenetiki karibu milioni 1.2.

Kupe si njia yake pekee. Nzi wanaouma, sindano inayotumiwa kwa ng'ombe mmoja baada ya mwingine, kisu cha kukata pembe na koleo la kuweka hereni vinaweza kubeba damu yenye bakteria. Zizi linaloogeshwa kila wiki lakini linalochanjwa kwa sindano moja linaweza kupata ndigana baridi bila kupe hata mmoja kuonekana.

Maji moyo, ugonjwa unaoua haraka

Ehrlichia ruminantium hashambulii chembe nyekundu. Yeye hukaa kwenye seli zinazotandika ndani ya mishipa ya damu, hasa ya ubongo na mapafu, na mishipa hiyo huanza kuvuja. Jina la ugonjwa limetokana na kinachoonekana mnyama anapopasuliwa baada ya kufa: mfuko unaouzunguka moyo umejaa maji. Akiwa hai, mbuzi au kondoo mgonjwa huinua miguu juu isivyo kawaida anapotembea, huzunguka mahali pamoja, hutafuna ilhali hana kitu mdomoni, kisha huanguka na kupiga miguu hewani. Wengine hukutwa wamekufa asubuhi bila dalili yoyote kuonekana jana yake.

Mwaka 1900, Charles Lounsbury alionyesha Afrika Kusini kwamba kupe wa jenasi ya Amblyomma ndiye anayeueneza ugonjwa huu, na mwaka 1925 E. V. Cowdry akamwona bakteria mwenyewe. Nchini Kenya, watafiti wakiongozwa na P. N. Ngumi waliripoti mwaka 1997 kwamba wamemtenga bakteria huyo kutoka kwenye aina tatu za Amblyomma, matokeo yaliyothibitisha kwamba ugonjwa una wabebaji katika mazingira ya mvua na ya ukame pia. Kuuthibitisha kwa mnyama aliyekufa kwahitaji kipande kidogo cha ubongo, kilichosagwa kati ya vioo viwili na kutiwa rangi, kazi ambayo wafugaji wengi hawaiombi na maafisa wengi wa nyanjani hawana vifaa vya kuifanya.

Timu iliyopima damu ya Mbeere

Utafiti uliotoa picha ya wazi zaidi kwa eneo hili ulifanywa katika iliyokuwa wilaya ya Mbeere, sasa sehemu ya kaunti ya Embu, na kuchapishwa mwaka 2010 katika jarida la kimataifa la kinga ya magonjwa ya mifugo. Waandishi wake walikuwa J. M. Gachohi, P. N. Ngumi, P. M. Kitala na R. Skilton. Hawakusubiri ng'ombe waugue. Walichagua mashamba kwa kura, wakachukua damu ya ng'ombe wa rika mbalimbali wanaofugwa kwa njia ya kienyeji, wakaipeleka maabara na kutafuta kingamwili dhidi ya vijidudu vinne: Theileria parva, Theileria mutans, Anaplasma marginale na Babesia bigemina.

Kingamwili ni alama zinazoachwa na maambukizi. Ng'ombe mwenye kingamwili za Anaplasma amewahi kukutana na bakteria huyo, awe aliugua au hakuugua. Kipimo kilichotumika, kiitwacho ELISA, hubadilisha rangi ndani ya visima vidogo vya sahani ya plastiki kingamwili zinapopatikana, na mashine husoma ukolezi wa rangi hiyo. Sahani moja ina visima 96, kwa hiyo mifugo ya kijiji kizima inaweza kupimwa kwa siku moja.

Matokeo yalipindua mazoea. Ndigana kali, ugonjwa unaoogopwa kuliko yote, ulikuwa umewagusa ng'ombe karibu asilimia 19 tu, na Babesia asilimia kama hiyo. Theileria mutans, nduguye Theileria parva aliye mpole zaidi, alifika karibu asilimia 25. Anaplasma marginale, bakteria ambaye wafugaji wengi hawamtaji, alikuwa amewafikia karibu asilimia 58. Viwango vilitofautiana kwa umri wa mnyama na namna ya kuchunga.

Asilimia ndogo ya ndigana kali si habari njema kama inavyosikika. Palipo na kupe wengi mwaka mzima, ndama huambukizwa wangali wadogo, wale wanaonusurika hupata kinga, na kundi huishi na ugonjwa bila vifo vingi vya wakubwa. Wataalamu huiita hali hiyo uthabiti wa ugonjwa, na mara nyingi hukadiria kwamba imefikiwa pale ambapo asilimia 70 au zaidi ya mifugo ina kingamwili. Mbeere ilikuwa mbali na kiwango hicho. Ng'ombe wengi walikuwa wamekua bila kukutana na kijidudu, na mwaka wowote wa mvua nyingi na kupe wengi ungeweza kuwakuta wakiwa wakubwa na wasio na kinga. Hata Anaplasma, aliyekuwa ameenea kuwazidi wote, alikuwa amewaacha zaidi ya ng'ombe wanne kati ya kumi bila kuguswa.

Kwa mpangaji wa chanjo na majosho, somo ni kwamba kaunti moja haiwezi kupewa ratiba moja. Ng'ombe wa Friesian wa Runyenjes anayeletewa nyasi zizini na zebu wa Siakago anayechungwa kutwa hawako katika hatari ileile, wala kinga yao si moja. Ng'ombe aliyenunuliwa mlimani na kupelekwa Mbeere, au wa Mbeere aliyepandishwa mlimani, huwa anahama kutoka orodha moja ya magonjwa kwenda nyingine.

Homa za watu

Bakteria wa kupe hawaishii kwa mifugo. Wa kwanza kujulikana katika eneo hili alikuwa Borrelia duttonii, anayesababisha homa ya papasi. Papasi ni kupe laini, Ornithodoros, asiyeng'ang'ania mwilini. Hujificha kwenye nyufa za kuta za udongo na vumbi la sakafu, hutoka usiku, hunyonya kwa muda usiozidi saa moja hivi, kisha hurudi mafichoni. Anaweza kukaa miaka bila kula.

Habari zake katika sayansi zilianzia jirani. Mwaka 1904, Philip Ross na A. D. Milne walimhusisha kupe na homa hiyo Uganda. Mwaka uliofuata Joseph Everett Dutton na John Todd walifanya majaribio yao mashariki mwa Kongo, na Dutton mwenyewe akaugua na kufa Kasongo mwezi Februari 1905. Bakteria ana jina lake hadi leo. Katika kipindi hichohicho Robert Koch aliwachunguza papasi wa vibanda vya kupumzikia wasafiri kwenye njia za misafara ya Afrika Mashariki ya Wajerumani, akaonyesha kwamba jike huwapitishia watoto wake bakteria kupitia mayai. Kibanda kikishapata papasi wenye ugonjwa, hakihitaji mgonjwa mpya ili kiendelee kuambukiza.

Meru iliingia katika maandiko haya mwaka 1950, mtaalamu wa wadudu G. A. Walton alipochapisha katika jarida la East African Medical Journal ripoti kuhusu homa ya papasi wilayani humo. Aliendelea na kazi hiyo kwa zaidi ya mwongo mmoja. Aliwatafuta papasi ndani ya nyumba za watu na pia kwenye mashimo ya nungunungu na muhanga, akahitimisha kwamba waliokuwa wakiitwa kwa jina moja ni makundi tofauti yenye tabia tofauti, na kwamba wale waliozoea nyumba ndio wanaohusika na ugonjwa wa binadamu.

Mgonjwa wa homa ya papasi hushikwa na joto kali, kichwa na viungo kwa siku chache, hupata nafuu, kisha homa hurudi baada ya wiki moja hivi, na huweza kurudi mara kadhaa. Kama Anaplasma, Borrelia hubadilisha protini zake za nje kila kinga inapomkamata. Kwa wajawazito ugonjwa huu huharibu mimba, na kwa watoto wachanga huua. Sakafu za saruji na nyumba zilizopigwa lipu zimempunguzia papasi makao. Mvumi, mkoani Dodoma, Tanzania, watafiti walionyesha mwaka 1998 kwamba kunyunyiza dawa ndani ya nyumba zenye papasi kulipunguza ugonjwa kwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Kundi la pili ni Rickettsia. R. B. Heisch na wenzake walichunguza taifasi ya kupe Nairobi na kuchapisha matokeo yao mwaka 1957. Aina inayobebwa na Amblyomma, Rickettsia africae, ilitengwa na ndugu zake na kupewa jina hilo mwaka 1996, baada ya kazi iliyofanyika Zimbabwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kutoka magharibi mwa Kenya ulimkuta kwa wingi katika Amblyomma variegatum waliotolewa kwa mifugo. Mgonjwa hupata homa, kichwa kikali, maumivu ya shingo, tezi kuvimba, na mara nyingi kidonda kidogo chenye kigaga cheusi mahali alipoumwa. Kwenye ngozi nyeusi kigaga hicho hupita bila kutambuliwa, hasa kikiwa kinenani au nyuma ya goti.

Wa tatu ni Coxiella burnetii, chanzo cha homa ya Q, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1937 miongoni mwa wafanyakazi wa machinjio ya Brisbane, Australia. Kupe humbeba, na mwaka 2018 watafiti waliripoti kumkuta kwenye kupe wa jamii za wafugaji nchini Kenya. Hata hivyo, watu wengi huambukizwa kwa kuvuta hewa yenye vumbi la kondo la nyuma na maji ya uzazi wa mbuzi, kondoo au ng'ombe, na wengine kwa maziwa mabichi. Kumsaidia mbuzi kuzaa kwa mikono mitupu ni hatari kubwa kuliko kupe mmoja aliyepanda mguuni.

Homa zote tatu hufika zahanati zikifanana na malaria. Zamani tone la damu lililopimwa kwa hadubini kutafuta malaria liliweza pia kumwonyesha Borrelia, uzi uliojisokota katikati ya chembe za damu. Kipimo cha haraka cha malaria kilichochukua nafasi yake kimeokoa maisha mengi, lakini hakina uwezo wa kumwona. Mgonjwa aliyepimwa akakutwa hana malaria, na ambaye huchunga, hukamua au hulala kwenye nyumba yenye papasi, anafaa kuulizwa kuhusu kupe. Doksisaiklini, dawa ya bei nafuu iliyopo katika hospitali nyingi, hutibu Rickettsia na homa ya Q, na Borrelia hutibika kwa jamii hiyohiyo ya dawa au kwa penisilini.

Kutoka hadubini hadi vinasaba

Timu za leo huanza kazi kwa mikono. Mtafiti hukokota kitambaa cheupe juu ya nyasi, na kupe wanaosubiri mnyama hukishika. Wengine hung'olewa kwa kibano kutoka sikioni, kwenye kiwele, chini ya mkia na katikati ya miguu. Kila mmoja huwekwa kwenye kichupa chenye tarehe, mahali na mnyama alikotoka, kisha hugandishwa au kutiwa kwenye alkoholi. Maabarani, hulazwa chini ya hadubini ili spishi yake itambuliwe kwa umbo la mdomo, alama za mgongoni na mikunjo ya ukingo wa nyuma. Nimfu wa spishi mbili huweza kufanana kabisa, na hapo jicho la mtaalamu hufika mwisho.

Baada ya hapo kupe husagwa na vinasaba vyake vyote kutolewa: vya kupe, vya bakteria alionao na vya mnyama wa mwisho aliyemnyonya. Mashine ya PCR huzidisha kipande kinachotafutwa mamilioni ya mara, na mpangilio wa herufi zake hulinganishwa na hazina ya dunia ya vinasaba. Kwa njia hii kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Thomas Odhiambo, kimechunguza na washirika wake kupe wa Shimba Hills, Maasai Mara, Ziwa Victoria na Baringo. Kazi ya Shimba Hills, iliyochapishwa mwaka 2017, iliripoti Rickettsia ambaye hakuwa amejulikana.

Njia hiyo imefunua pia kwamba si kila bakteria ndani ya kupe ni adui wa ng'ombe. Damu ina upungufu wa vitamini B, na baadhi ya kupe hutegemea bakteria wa kudumu mwilini mwao, ndugu wa karibu wa Coxiella, kuwatengenezea vitamini hizo. Kwa hiyo kipimo kinachosema tu kwamba kupe ana Coxiella hakitoshi kutangaza homa ya Q. Lazima kijue ni Coxiella yupi.

Kinga iliyopo na pengo lililobaki

Kwa ndigana kali ipo njia ya kuambukiza na kutibu kwa wakati mmoja, iliyobuniwa katika kituo cha utafiti cha Muguga, Kenya, miaka ya 1970, ambapo ng'ombe hudungwa vijidudu hai pamoja na oksitetrasaiklini ya kudumu. Njia hiyo haimkingi na Anaplasma wala Ehrlichia. Ng'ombe aliyechanjwa bado anahitaji kuogeshwa.

Majosho ya umma yaliyosimamiwa na serikali miaka ya 1970 na 1980 yalikabidhiwa kamati za wakulima, na mengi yamekauka. Wengi sasa hutumia pampu ya mgongoni. Dawa ikizimuliwa kupita kiasi, au pampu ikipita mgongoni tu na kuacha masikio, kiwele na chini ya mkia, kupe wastahimilivu hubaki na kuzaa. Ufugaji wa zizini hupunguza kupe bila kuwamaliza, kwa sababu nyasi zilizokatwa kando ya barabara huja nao.

Mambo ya msingi hayana gharama kubwa. Kila ng'ombe apate sindano yake au sindano iliyochemshwa. Dawa ya kuogesha ipimwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kupe aliyembandika mtu ang'olewe kwa kibano karibu na ngozi, avutwe wima, asipondwe kwa kucha wala kumwagiwa mafuta ya taa. Maziwa yachemshwe, na ya ng'ombe aliye kwenye dawa yasipelekwe kwenye ushirika kabla ya siku zilizoelekezwa kwisha.

Kubwa kuliko yote ni kipimo. Vioo viwili vyenye damu iliyochukuliwa kwenye mshipa wa sikio la ng'ombe kabla ya kudungwa dawa yoyote, na sampuli ya tezi iliyovimba ikiwapo, vinatosha kumwezesha mtaalamu wa maabara ya mifugo kutenganisha ndigana kali, ndigana baridi na mkojo wa damu. Takwimu za Mbeere zilishaonyesha kwamba bakteria ameenea kuliko protozoa anayeogopwa. Mfugaji wa Meru au Embu anayeitisha daktari wa mifugo na aombe damu ipimwe kwanza, na sindano ifuate majibu.